Edith Cavell, Mwalimu wa Wauguzi

Hii ni habari ya mwanamke Mwingereza aliyeitwa Edith Cavell. Watu wengi hulijua jina lake kwa sababu ya jinsi alivyokufa, maana aliuawa kwa risasi mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini kifo chake kilikuwa cha asubuhi moja tu, na kazi yake ilikuwa ya miaka ishirini. Katika miaka hiyo alikuwa kwanza mwanafunzi wa uuguzi, tena mwanafunzi asiyesifiwa sana na mkuu wake. Kisha akawa mwalimu wa wanafunzi wa uuguzi katika nchi ya kigeni. Habari hiyo haisimuliwi mara nyingi, nasi tutaisimulia hapa.

Edith alizaliwa tarehe 4 Desemba mwaka 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa kasisi wa kijiji hicho, akadumu katika kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini. Edith alikuwa mtoto wa kwanza. Wakamfuata wadogo zake watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Nyumba yao ilikuwa kubwa, lakini fedha zilikuwa chache, kwa kuwa baba aliijenga nyumba ile kwa mali yake mwenyewe. Hata hivyo, chakula cha siku ya Jumapili hakikuliwa mpaka sehemu yake imekwisha kupelekwa kwa maskini wa kijijini, na mara nyingi watoto walikula chao kimekwisha kupoa.

Alikuwa msichana mtulivu, mwenye haya, lakini akiazimu jambo haliachi. Palikuwa na haja ya chumba cha kufundishia watoto wa kijiji, na fedha hazikuwapo. Edith akamwandikia barua askofu wa Norwich kumwomba msaada. Askofu akajibu kwamba atasaidia, ikiwa wanakijiji nao watachanga kwanza. Basi Edith, aliyejua sana kuchora, akakaa pamoja na dada yake wakachora kadi na kuziuza, wakawaandikia watu wengi barua, hata zikapatikana kama paundi 300. Chumba kikajengwa.

Alisoma nyumbani, kisha katika shule mbalimbali, na katika shule ya mwisho, mjini Peterborough, alijifunza Kifaransa vizuri. Siku zile binti wa kasisi asiye na mali hakuwa na kazi nyingi za kuchagua. Kazi iliyokuwa wazi kwake ni kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, akala na kulala kwao na kupata mshahara mdogo. Edith akaifanya kazi hiyo kwanza Uingereza, kisha tangu mwaka 1890 hata 1895 akakaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, akiwafundisha watoto wa jamaa moja ya mji ule. Huko Kifaransa chake kikawa kama cha wenyeji. Kumbukeni jambo hilo, maana baadaye lilimrudisha Brussels.

Kabla ya hayo alikuwa ameachiwa urithi mdogo, akautumia kusafiri katika nchi za Austria na Bavaria. Katika safari hiyo aliona hospitali moja iliyotibu watu bure. Akapendezwa nayo hata akatoa sehemu ya fedha zake zinunuliwe vyombo vya kazi. Lakini kupendezwa na hospitali si sawa na kuuguza, naye akarudi katika kufundisha watoto kusoma.

Mwaka 1895 baba yake akaugua. Edith akaacha kazi Brussels, akarudi nyumbani kumwuguza hata akapona. Baba alipoinuka kitandani, binti yake alikuwa amekwisha kukata shauri: atakuwa mwuguzi. Umri wake ulikuwa karibu miaka thelathini, na wengi walioanza pamoja naye walikuwa wadogo kuliko yeye.

Hakuingia mara moja katika shule kubwa. Alianza Desemba 1895 kwa kufanya kazi miezi kadha katika hospitali ya homa za kuambukiza huko Tooting, kusini ya London, apate kujijaribu. Naona alifanya vema. Kuna watu wanaopenda mavazi meupe ya wauguzi, na kuna wanaopenda kusifiwa kuwa wana huruma. Lakini mtu hajui kama ataiweza kazi hii mpaka amefua mashuka machafu ya wagonjwa na kukesha na mtoto anayekosa pumzi. Edith aliyaona hayo, na hakugeuka. Mwaka 1896 akaomba kupokewa katika Hospitali ya London, iliyo katika mtaa wa Whitechapel, akakubaliwa.

Hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya kubwa sana katika nchi yote, nayo ilikuwa na vitanda zaidi ya 700. Ilisimama katikati ya mitaa ya maskini, penye bandari, viwanda na nyumba zilizobanana, basi wagonjwa hawakukoma kuletwa mchana wala usiku: wachukuzi walioangukiwa na mizigo, watoto walioungua moto, wanawake waliodhoofika kwa njaa. Mkuu wa wauguzi alikuwa Bibi Eva Lückes. Aliipata kazi hiyo mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 26 tu, na watu wengine walimwona mdogo mno. Alipofika aliona kazi ya wauguzi imelegea, akaitengeneza upya, hata wanafunzi wake wakatafutwa kila mahali. Alikuwa rafiki wa Florence Nightingale, yule aliyeanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas mwaka 1860, na mara nyingi alimtaka shauri.

Wanafunzi wapya hawakupelekwa kwa wagonjwa siku ile ile. Mwaka mmoja kabla ya Edith kufika, hospitali ilikuwa imefungua nyumba ya maandalio, iitwayo Tredegar House. Huko wanafunzi walikaa majuma saba wakifundishwa umbo la mwili wa mwanadamu na kazi ya viungo vyake, kanuni za usafi, namna ya kufunga bendeji, na namna ya kupika chakula cha wagonjwa. Kisha walitahiniwa. Shauri hili lilikuwa jipya. Zamani mwanafunzi alitupwa wodini bila kujua lo lote, akajifunza kwa kukemewa, na mgonjwa ndiye aliyelipa kwa makosa yake.

Edith aliingia Tredegar House mwezi wa Septemba 1896. Baada ya majuma saba akaingia wodini, na hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Kazi ilianza saa moja asubuhi ikaisha saa tatu usiku, na nafasi ya kula mchana ilikuwa nusu saa. Mwanafunzi alitandika vitanda, akaosha wagonjwa, akabeba maji na makaa, akasafisha vyombo vya haja, akapima joto la mwili na kuliandika, akatengeneza vitambaa vya vidonda, akasimama nyuma ya daktari tayari kwa kila atakaloagizwa. Tena mafundisho hayakukoma: mganga alitoa somo, na mwanafunzi aliyekuwa amesimama mchana kutwa alipaswa kukaa na kuandika aliyoyasikia, na kuyakumbuka siku ya mtihani. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa paundi 10.

Wanafunzi wengi waliugua, wengine wakarudi kwao. Mwaka 1890, yaani miaka sita kabla ya Edith kufika, malalamiko juu ya hospitali hiyo yalikuwa yamefika hata Bungeni, na wazee wa Bunge wakachunguza kama wauguzi wanafanyizwa kazi kupita kiasi. Wenye kulalamika hawakuwa wavivu wote. Miguu ya mtu ina mpaka wake, na moyo una mpaka wake, na hospitali ya siku zile haikuhesabu mipaka hiyo vizuri. Lakini ni kweli pia kwamba mgonjwa hangoji mwuguzi apumzike ndipo atapike. Mambo haya mawili hugombana katika kila shule ya wauguzi, zamani na sasa.

Edith alipokuwa amemaliza karibu mwaka mmoja, homa ya matumbo ikaingia mji wa Maidstone, kusini-mashariki ya London. Maji ya kunywa ya mji ule yalikuwa yamechafuka. Watu zaidi ya 1,700 wakashikwa na homa, na hospitali za mji hazikutosha. Wauguzi wakaombwa kutoka kila upande, na Bibi Lückes akawapeleka wauguzi sita. Edith alikuwa mmoja wao.

Imetupasa kueleza hapa jinsi homa hiyo ilivyouguzwa mwaka 1897, maana siku hizi zipo dawa zinazoua vijidudu vyake, na zamani hazikuwapo. Mgonjwa alilala majuma matatu au manne, joto likipanda jioni na kushuka kidogo asubuhi. Matumbo yake yalikuwa na vidonda vya ndani, basi akila chakula kigumu au akijitupa kitandani, matumbo yaliweza kutoboka, naye akafa. Dawa kubwa ilikuwa mwuguzi mwenyewe. Yeye ndiye aliyempa maziwa kidogo kidogo kwa kijiko usiku na mchana, akamfuta mwili kwa maji baridi ili joto lipungue, akamgeuza polepole asipate vidonda vya mgongo, akamzuia asiinuke alipopayuka. Kisha kinyesi na nguo za mgonjwa zilitiwa dawa ya kuua sumu kabla ya kumwagwa au kufuliwa, na mikono kunawa kila mara. Mwuguzi akisahau kunawa mara moja, huenda yeye akawa mgonjwa wa kitanda cha pili. Kazi hiyo haikuwa na jambo moja kubwa la kishujaa. Ilikuwa na mambo madogo mia kwa siku, na yote yalipasa kufanywa kwa wakati wake.

Katika wale zaidi ya 1,700 walikufa watu 132. Mji wa Maidstone ukawapa wauguzi nishani kwa shukrani, na Edith akapata yake.

Baada ya hayo mtu angedhani ya kuwa mkuu wake alimsifu sana. Sivyo. Bibi Lückes alikuwa na daftari ambayo ndani yake aliandika tabia na kazi ya kila mwanafunzi, bila kuficha. Juu ya Edith Cavell aliandika kwamba ana uwezo wa kutosha anapotaka kujitahidi, lakini hana bidii ya kutosha, tena hashiki saa hata kidogo, wala si mwuguzi wa kutegemewa kabisa katika kila jambo. Ndivyo alivyoandikwa mwanamke ambaye leo sanamu yake imesimama katikati ya London.

Watu wameulizana mara nyingi kama maneno hayo yalikuwa ya haki. Wengine husema Bibi Lückes alikuwa mkali mno, hakupenda mwanafunzi mwenye mawazo yake mwenyewe. Na kweli Edith alikuwa mtu mzima aliyezoea kujitawala, si msichana aliyetoka shuleni jana. Mimi sioni sababu ya kukana kwamba alichelewa. Mkuu aliyekuwa na mamia ya wauguzi chini yake hakuwa na faida yo yote ya kumsingizia mmoja. Tena hakumchukia, kwa maana alimchagua kwenda Maidstone, na baadaye waliandikiana barua miaka mingi, Edith akimweleza shida zake na kumwomba mashauri.

Alipokwisha kuhitimu aliuguza watu majumbani mwao, kisha mwaka 1899 akawa mwangalizi wa usiku katika hospitali ya maskini ya St Pancras, London. Watu waliolala humo ni wale wasio na mtu: wazee waliosahauliwa na jamaa zao, wagonjwa wasioweza kulipa hata senti. Mwangalizi wa usiku ndiye mkubwa wakati madaktari wamelala, na makosa yote ya usiku ni yake. Mwaka 1903 akahamia hospitali nyingine ya namna hiyo, huko Shoreditch, akawa msaidizi wa mkuu wa wauguzi. Huko akaanza desturi ya kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao baada ya kuruhusiwa, aone kama wanaendelea kupona au wamerudi katika njaa ile ile iliyowaleta hospitali. Mambo haya hayakumpatia sifa. Alikuwa sasa na umri wa miaka arobaini, mwuguzi mzuri kama wengine wengi, asiyejulikana nje ya hospitali zake.

Ndipo neno likaja kutoka Brussels. Alikuwako huko mganga wa upasuaji, Daktari Antoine Depage, mtu mwenye akili nyingi na hasira nyingi. Katika Ubelgiji wagonjwa walitunzwa zaidi na watawa wa kike, ambao walikuwa na upole na subira, lakini wengi wao hawakufundishwa elimu mpya ya usafi na upasuaji. Depage aliweza kupasua kwa ustadi, kisha kidonda kikaoza kwa sababu aliyekifunga hakujua vijidudu ni nini. Akataka kuanzisha shule ya wauguzi kwa namna ya Kiingereza, akatafuta mwanamke mwenye mafundisho ya Kiingereza na ulimi wa Kifaransa. Watu waliomjua Edith siku za ualimu wake wakamtaja. Akaitwa, akaenda.

Shule ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba mwaka 1907, katika nyumba nne zilizoungana kwenye njia moja ya mtaa wa Ixelles. Wanafunzi walikuwa wanne tu. Shida ya kwanza haikuwa fedha, ilikuwa heshima. Jamaa za watu wenye uwezo waliona ni aibu binti yao kufanya kazi kwa mshahara, na kuosha miili ya wageni waliona ni aibu zaidi. Mzazi alisema mtoto wake akiingia shule ile hatapata mume. Edith hakugombana nao. Akawavika wanafunzi wake mavazi ya buluu na aproni nyeupe safi, akawafundisha, akangoja watu waone. Hata siku moja Malkia wa Ubelgiji alivunjika mkono, akatuma kwa shule hiyo apelekewe mwuguzi. Tangu siku hiyo maneno ya aibu yalipungua sana. Kufika mwaka 1912 shule ilikuwa ikitoa wauguzi kwa hospitali tatu, shule 24 za mji, na shule 13 za watoto wadogo.

Na huyo mwalimu alikuwaje? Wanafunzi wake walimwogopa. Alisema kidogo, hakucheka ovyo, macho yake ya kijivu yaliona kila kitu. Wakati wa chakula cha asubuhi alikaa mezani na kuiweka saa yake mbele yake. Mwanafunzi aliyechelewa zaidi ya dakika mbili alipewa kazi ya saa mbili zaidi. Ndiyo, huyu ni yule yule aliyeandikwa katika daftari ya London kwamba hashiki saa! Pengine alikumbuka alivyoandikwa. Pengine miaka ile ya usiku huko St Pancras ilimfundisha zaidi ya daftari. Mwuguzi aliyekesha hawezi kuondoka mpaka wa mchana amefika, na dakika ambazo mmoja amelala kitandani mwake, mwenzake anazilipa amesimama, na mgonjwa anazilipa zaidi ya wote wawili. Jambo hilo mwanafunzi halioni. Huliona yule anayengojea mlangoni.

Lakini ukali wake haukuwa wote. Jioni aliwakaribisha wanafunzi kuzungumza naye, mmoja mmoja au wawili watatu, na aliyekuwa amechoka au amekata tamaa aliweza kumwambia. Alijua uchovu wao, maana alikuwa ameuonja. Wengi walilia katika miezi ya kwanza, hasa baada ya kumwona mgonjwa wa kwanza akifa. Aliwataka wasome, wala wasidhani mikono yenye huruma inatosha. Mwaka 1914 alikuwa akitoa masomo manne kila juma, juu ya kazi yake nyingine. Aliokota mbwa wawili waliopotea njiani, akawafuga. Mmoja, jina lake Jack, alimpenda bibi yake na kuwabwekea watu wengine wote, na wanafunzi hawakumpenda sana.

Daktari Depage naye hakuwa mtu mwepesi. Aliweza kumkemea mtu mbele ya wengine kwa jambo dogo. Edith alinyamaza, akalinda wanafunzi wake, akaendelea. Ikakatwa shauri kujenga nyumba mpya ya shule, kubwa, yenye nafasi na hewa, katika mtaa wa Uccle. Edith aliufuata ujenzi ule kwa furaha.

Mwezi wa Agosti 1914 alikuwa Uingereza kwa likizo, akipalilia bustani ya mama yake huko Norwich, habari za vita zilipofika. Angeweza kukaa. Akarudi Brussels siku zile zile, akafika tarehe 3 Agosti. Wauguzi wa Kijerumani waliokuwa shuleni akawarudisha kwao kwa amani, kwa kuwa nchi yao ilikuwa inaiingilia Ubelgiji. Na wale waliobaki akawaambia kwamba askari aliyejeruhiwa ni mgonjwa, awe wa taifa lo lote, nao watamtunza kama wagonjwa wengine. Tarehe 20 Agosti majeshi ya Ujerumani yakaingia mjini. Shule ikawekwa chini ya alama ya Msalaba Mwekundu, na masomo yakaendelea.

Majira ya baridi yalipokaribia, askari wa Kiingereza na Kifaransa walioachwa nyuma ya majeshi yao walikuwa wakijificha misituni na katika nyumba za wakulima. Waliokamatwa walifungwa, na wengine waliuawa pamoja na waliowaficha. Mwezi wa Novemba 1914 wawili wa kwanza wakaletwa shuleni usiku, mmoja akiwa na jeraha. Edith akawapokea. Baada yao wakaja wengine, na watu wengi wakashirikiana katika kazi hiyo ya siri: binti wa mfalme mdogo, mwalimu wa shule, mjenzi wa nyumba aitwaye Philippe Baucq, na wengineo. Walitengeneza vyeti vya uongo, wakawapeleka askari hao usiku mpaka Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Waliopitia mikononi mwa Edith walikuwa kama 200. Kwa siku nyingi wanafunzi walisoma juu ya vidonda na homa katika chumba kimoja, na katika chumba kingine wakalala watu ambao kuonekana kwao kungeleta kifo. Kwa kadiri alivyoweza Edith hakuwaambia wauguzi wake mambo hayo, ili wakiulizwa wasiwe na la kujibu.

Tarehe 5 Agosti 1915 alikamatwa. Akatiwa katika gereza la Saint-Gilles, na kwa muda akakaa peke yake chumbani. Alipoulizwa alikiri yote aliyoyatenda. Wako watu waliomlaumu kwa hilo, wakasema angekana angalau nusu. Lakini alikuwa hakuzoea kusema uongo, wala hakuanza siku hiyo.

Alipokuwa gerezani nyumba mpya ya shule ikawa tayari. Wauguzi wakahama bila yeye. Alipata habari za kuhama kwao, lakini hakuiona shule ile ikifanya kazi.

Tarehe 7 na 8 Oktoba watu 35 wakahukumiwa mbele ya baraza la vita. Tarehe 10, siku ya Jumapili, hukumu haijatolewa, Edith akawaandikia wauguzi wake barua kwa Kifaransa ya kuagana nao. Hakuandika habari ya vita. Aliwakumbusha siku ile ya Oktoba 1907 walipokuwa wanafunzi wanne tu, na jinsi kila kitu kilivyokuwa kigeni, hata maneno ya kutaja saa za zamu na saa za mapumziko hayakuwapo, ikawapasa kuyatafuta. Aliwaonya juu ya kusengenyana, ambako kulikuwa kumeleta madhara kati yao. Akawaambia kwamba akiwapo mwenye neno juu yake, anaomba radhi. Kwamba huenda mara nyingine alikuwa mkali mno, lakini hakukusudia kumdhulumu mtu. Na kwamba amewapenda wote kuliko walivyojua.

Siku ya pili, tarehe 11, hukumu ya kifo ikasomwa. Mabalozi wa Marekani na wa Hispania wakajitahidi usiku ule kumwombea, wasisikilizwe. Jioni ile kasisi mmoja akaruhusiwa kuingia kwake, akamkuta ametulia. Edith alimwambia kwamba hana chuki wala uchungu kwa mtu ye yote, na kwamba majuma yale ya gerezani yamekuwa kwake mapumziko, baada ya maisha yaliyokuwa na haraka siku zote.

Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915 yeye na Philippe Baucq walipelekwa katika uwanja wa shabaha mjini humo, wakapigwa risasi. Umri wake ulikuwa miaka 49. Wauguzi wengine walikuwa wamesimama nje ya gereza kabla ya jua kuchomoza, wakaiona motokaa ikitoka naye.

Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, mke wa Daktari Depage, Bibi Marie, aliyekuwa amekwenda Marekani kukusanya fedha za hospitali, alizama baharini meli iitwayo Lusitania ilipopigwa. Kwa hiyo shule iliitwa baadaye kwa majina ya wanawake hao wawili, Edith Cavell na Marie Depage.

Vita vilipokwisha mwili wa Edith ulifukuliwa ukarudishwa kwao. Tarehe 15 Mei 1919 ulipelekwa katika kanisa la Westminster, kisha ukachukuliwa kwa gari la moshi mpaka Norwich. Bibi Lückes hakuyaona hayo, kwa maana alikuwa amekufa mwezi wa Februari mwaka ule. Edith alizikwa nje ya kanisa kuu la Norwich, upande wa mashariki, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kijiji alichozaliwa.